Miguu ya Mama Jarubani

Kwenye jaruba langu hakuna kusalimiana. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ninayowapa wanafunzi, kabla sijawaonyesha ndoo wala sindano. Apite mzee, apite shehe, apite padri, apite mkuu wa mkoa na msafara wake, ukishafunika ndoo wewe ni kiziwi na bubu mpaka nikuambie fungua. Mmoja wao, kijana mwenye malezi mazuri kutoka Bukoba, aliinuka kumwamkia bibi mmoja aliyepita na kuni kichwani. Nilimrudisha mjini siku hiyohiyo, na msimu mzima hakugusa tena vifaa vyangu. Najua wanavyonisema wakikaa kantini. Waseme. Roho mbaya yangu mimi nakumbuka ilikotoka: bondeni, chini ya Bigwa, kwenye jaruba la mama yangu mzazi.

Kazi yangu ni kupima methani. Matope ya mpunga yakikaa chini ya maji, hewa haiyafikii. Humo wanaishi vijidudu ambavyo macho hayavioni, vinakula mizizi iliyooza na mabua ya mwaka jana, na vikishakula vinatoa gesi. Gesi hiyo inapanda taratibu, nyingi yake kupitia ndani ya bua la mpunga wenyewe, na ikifika angani inalizuia joto lisitoke. Jana ilikuwa jani, leo ni hewa, kesho kutwa itakuwa jani tena la mtu mwingine. Mimi nakaa hapo katikati na kupima kinachopita.

Namna yenyewe ya kupima haina fahari. Unasimika fremu ya chuma kwenye tope mapema, uiache itulie. Siku ya kazi unatembea juu ya mbao ulizotandika ili usikanyage chini, unachuchumaa, unafunika fremu kwa ndoo kubwa iliyogeuzwa kichwa chini. Halafu unavuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano, unatia kwenye kichupa, unasubiri, unavuta tena. Kama kumetulia, gesi inaongezeka kidogo kidogo na ukichora unapata mstari ulionyooka. Mtu akikanyaga tope karibu na ndoo, imekula kwako. Mapovu yote yaliyokuwa yamelala chini yanaibuka kwa mkupuo, na hapo hupimi jaruba tena, unapima mguu wa mtu.

Mama alipoelewa ninachosomea, alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani nimelima mpaka mgongo umepinda ukasome, ukapanda ndege ukaenda ng'ambo, umerudi kufunika mashuzi ya matope kwa ndoo?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama."

"Basi ungeniambia mapema. Mashuzi mbona hata baba yako alikuwa nayo, tena ya bure."

Alilipeleka neno hilo mpaka sokoni Mwembesongo alikokuwa akiuza mchele wake, na nikipita huko wanawake wa vibandani walinipokea kwa vifijo: Daktari wa Mashuzi huyo! Mama alikuwa hivyo. Hakuwahi kunipiga, hakuwa na haja. Ulimi wake ulitosha. Na mimi niliurithi vilevile ulivyo, kwa hiyo msinionee huruma sana.

Kingine nilichokuwa nakirithi ni jaruba. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama. Lile jaruba lilikuwa la bibi yangu, na kabla yake la mama wa bibi yangu. Wanaume wa ukoo na waume wa kuoa walilima humo miaka yote, lakini hakuna aliyeota kuliita lake. Mama alizaa wanaume watupu, kisha mimi. Akikasirika alikuwa akisema, "Ungezaliwa dume na wewe, ningekwenda na hii ardhi kaburini." Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuniambia kwamba jaruba ni langu, nisubiri tu achoke.

Tulipoanza mradi wa bonde nilikuwa ndiyo kwanza naitafuta shahada ya udaktari. Aliyetuongoza alikuwa profesa, mtu mtanashati, mpole, asiyepandisha sauti. Tulihitaji majaruba ya kupimia na wenyewe wakatukatalia katakata. Ilikuwa imeenea kwamba ndoo zetu zinanyonya rutuba na kuipeleka Ulaya kwenye vichupa. Tulizunguka bonde zima tukipewa maji ya kunywa na maneno matamu, jaruba hatupewi. Mwishowe profesa akaniuliza kama kwetu hatuna shamba.

Nikampeleka kwa mama. Profesa alivua viatu tangu kwenye ukingo, akainama vizuri, akamwamkia shikamoo ndefu yenye mikono miwili. Mama akafurahi kama amepewa kanga. "Huyu kalelewa," akaniambia jikoni, "siyo wewe unayenirushia shikamoo kama unamrushia kuku mtama." Akakubali. Fremu zote za mradi zikasimikwa kwenye jaruba la mama, na kuanzia hapo bonde zima likawa linapimwa kwa jaruba lake moja.

Vita vikaanza wiki ya kwanza ya kupima.

Nilikuwa nimechuchumaa juu ya mbao, ndoo imefunikwa, sindano mkononi, mara namwona mama anakuja kwenye ukingo na jembe begani. Nikapaza sauti, "Shikamoo mama!" Kimya. Nikarudia. Akasimama, akashika kiuno.

"Unamwamkia nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi siyo daladala la kupigiwa kelele. Njoo hapa uniamkie."

"Siwezi kuondoka, mama, nimefunika ndoo."

"Ahaa. Ndoo ndiyo mama yako siku hizi?"

Akaweka jembe chini, akapandisha kanga, akateremka jarubani. Nikamwomba jamani mama usikanyage, nikamwomba kwa Mungu, akaja vilevile, chwap, chwap, moja kwa moja mpaka ubavuni mwa ndoo. Akasimama hapo na magoti yake yaliyovimba, anahema, anasubiri. Nikaona mapovu yanapanda kuzunguka miguu yake, madogo madogo, mengi. Nikasema shikamoo mama. Akasema, "Marahabaaa, mwanangu," kwa sauti ya kuimba, akageuka, akarudi alikotoka huku akivuruga tope kwa mara ya pili.

Msije mkadhani sikumweleza. Nilimweleza jioni ile, na jioni nyingine nyingi. Nilimwambia miguu yake inaamsha gesi yote iliyolala, kipimo kinakuwa cha uongo. Alinisikiliza akichambua mchicha, kisha akasema, "Miguu hii imekanyaga humo na mimba yako tumboni. Leo ndiyo inaharibu?" Nilijaribu kuwahi alfajiri, nikamkuta ameshafika. Nilijaribu kwenda kwanza nyumbani kumwamkia kabla sijaingia kazini, akapokea, na baadaye akaja jarubani kuitaka nyingine, maana ile ilikuwa ya nyumbani na hii ni ya shambani. Nikamwomba profesa tuhamishe fremu. Akasema fremu zikihamishwa msimu umekufa. Wallahi kuna siku nilitamani ateleze, aanguke humo humo kwenye tope, walau akae kitandani mpaka mavuno.

Bila shaka alijua anachofanya. Mwanamke hawezi kuacha palizi yake akavuka jaruba zima kwa ajili ya salamu tu. Alikuwa akija kuona kama bado naweza kuinama. Niliondoka kwake mtoto, nikarudi na vyeti na viatu vya plastiki vya kufika magotini, na tope lile lilikuwa mahali pekee alipobaki mkubwa wangu. Hili nililijua hata wakati ule. Halikunipunguzia hasira hata kidogo.

Vipimo alivyokanyaga niliviweka kando. Vilijulikana tu: mstari ulianza kwa kuruka juu badala ya kupanda polepole. Kila mtu wa kazi hii anavitambua, na anayejiheshimu anavitupa. Nikavitenga, nikampelekea profesa vilivyo safi, vya siku ambazo mama alikuwa sokoni. Navyo vilionyesha jaruba la kawaida, wala siyo baya, linalotoa gesi kama mpunga mwingine wowote.

Profesa akaniita ofisini. Aliniagizia chai, akanisifu kwa uvumilivu wangu. Kisha akauliza vile vingine viko wapi.

"Vimekanyagwa," nikasema. "Mama alikuwa anakuja karibu na ndoo."

"Lakini gesi ilitoka?"

"Ilitoka kwa sababu ya mguu, Prof."

"Gesi ni gesi. Wakulima hawatembei majarubani? Hawapalilii? Miguu ni sehemu ya kilimo, dada yangu."

Nikamwambia wanapalilia, ndiyo, lakini hawapalilii juu ya ndoo. Nikamwambia mtoto wa mwaka wa kwanza hawezi kufanya kitu kama hicho. Sauti ilinipanda, sikujali. Yeye hakupandisha yake. Alikoroga chai akaniambia kwamba bonde lisilo na gesi halina awamu ya pili ya mradi, na bila awamu ya pili hakuna maabara, na bila maabara na mimi sina shahada. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka meno yananiuma.

"Nakuonea huruma, kweli. Lakini data haina mama."

Akavirudisha vyote kwenye hesabu. Akaniondoa kwenye uchambuzi, akampa mwingine, na ripoti ikatoka na jina langu likiwa la mwisho. Humo jaruba la mama lilikuwa linafoka gesi kama jiko. Nilipata shahada yangu kwa sura nyingine za tasnifu zisizohusu bonde, joho nikavaa, picha nikapigwa. Mama alikuja na gauni jipya, akanivuta sikio mbele ya wenzangu akasema, "Mashuzi yamelipa." Tukacheka sote. Hatukujua yatalipa nini.

Ripoti ilishuka bondeni kabla ya masika. Profesa mwenyewe aliiwasilisha kwa kamati ya mfereji, yaani wale wanaogawa zamu za maji. Alieleza kwa upole, kwa Kiswahili kizuri, kwamba mpunga uliofurika maji muda wote unatoa gesi inayoharibu hali ya hewa, na kwamba majaruba yakikaushwa kwa vipindi gesi inapungua. Hilo ni kweli tupu, nalifundisha mwenyewe. Lakini ili ukaushe kwa vipindi lazima uwe na uhakika wa maji kurudi, na kwenye mfereji ule maji yakishakupita mara moja yana mwenyewe mwingine. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na bustani kubwa ya nyanya huko chini. Kwa miaka mingi alikuwa akiyatazama maji ya jaruba la mama kwa jicho la njaa. Sasa amepewa sababu, tena na profesa, tena na picha za rangi.

Alikuja nyumbani kwa mama na wajumbe wake, kwa adabu zote.

"Mama, siyo sisi. Ni sayansi. Jaruba lako ndilo limepimwa, ndilo limeonekana."

"Limeonekana nini?"

"Linatoa gesi kuliko yote."

"Yote mmeyapima?"

Walianza kwa kukata zamu moja, kisha nyingine, kwamba ni kukausha kwa vipindi. Kipindi kikaisha, maji hayakurudi. Miche aliyopandikiza mama ikageuka njano, halafu rangi ya majani ya chai. Na watu wakapata cha kucheka. Lile neno alilolipeleka Mwembesongo mwenyewe lilirudi likiwa limenenepa. Jaruba lake likaitwa Jaruba Linalojamba. Akipita na kapu, watu wazima wanaziba pua. Mama, aliyewachekesha watu kwa miaka yote, hakupata hata neno moja la kuwarudishia. Nilikuwa naye siku moja mwanamke wa kuuza dagaa alipoziba pua. Mama alitazama tu chini kwenye beseni la dagaa kama anayechagua, na hakununua.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia vipimo vile vina kasoro, naomba turudie. Akanijibu kwamba binti hawezi kuwa shahidi wa mama yake. Nikaenda kwa profesa, nikamwambia nitaandika kila mahali penye masikio. Yeye akatabasamu, akasema hana ubaya, turudie tu, na atakuja mwenyewe kushuhudia. Nilipaswa kuliogopa tabasamu lile. Nilifurahi kama mjinga.

Tatizo moja nililijua. Udongo wa mpunga uliokauka hauanzi kutoa gesi mara maji yanaporudi. Vile vijidudu vyake vinakuwa vimelala au vimekufa, na vinachukua muda mrefu kuamka. Kwa hiyo niliomba maji ya msimu mzima. Mwenyekiti akasema msimu mzima ni kumkosesha nani maji? Tukavutana mpaka akanipa wiki chache, mpaka nyanya zake zitakapoanza kudai. Ningekataa, mama asingepata hata hizo. Nikakubali, nikaomba Mungu udongo uamke mapema.

Mama alipandikiza upya kwa mikono yake. Alikuwa haongei sana siku hizo. Jioni moja akaniuliza, bila kuniangalia, "Hicho kipimo chako kikiwa kizuri, wanarudisha maji?"

"Ndivyo walivyosema."

"Na jaruba litakuwa lako?"

"Litakuwa letu, mama."

"Mimi nimeuliza lako."

"Litakuwa langu."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Nikamwambia siku ya kupima asikanyage humo hata akimwona nyoka. Asimame ukingoni, mimi nitamwamkia kwa mbali na yeye apokee kwa mbali, mbele za watu. Nilitegemea tusi. Akasema, "Haya."

Siku ilipofika bonde lilijaa. Walikuja wajumbe, wakaja wenye majaruba waliotunyima yao, wakaja na wasiolima chochote. Profesa alifika na viatu safi, akamwamkia mama kwa mikono miwili vilevile. Mama akapokea. Mimi nilikuwa tayari juu ya mbao. Nikageuka, nikapaza sauti, "Shikamoo mama!" Watu wote wakamtazama. Nikamwona anakaza kanga kifuani, mguu mmoja ukasogea kama unataka kuteremka, ukarudi.

"Marahaba," akasema, kwa mbali, fupi.

Nikafunika ndoo. Nilivuta, nikasubiri, nikavuta. Kwa mara ya kwanza mama akiwepo, nilimaliza kazi bila povu hata moja kupanda. Vichupa vikapelekwa maabara, na baada ya siku kadhaa tukakusanyika tena palepale kwenye ukingo, profesa akiwa na majibu. Mstari ulikuwa umenyooka. Gesi ilikuwa kidogo sana, chini hata ya nilivyotarajia, kidogo mno: udongo ulikuwa bado haujaamka.

Mwenyekiti akauliza, "Sasa mbona mwanzo ilikuwa nyingi?"

Profesa akanigeukia. "Mwenzangu hapa atatueleza. Anasema vipimo vya kwanza viliharibika."

"Vilikanyagwa," nikasema.

"Vilikanyagwa na nani?" Aliuliza polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Alikuwa anajua. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, ofisini kwake, nikinywa chai yake.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama palepale nilipomwambia asimame.

"Na mama," nikasema. "Alikuwa anakuja kwenye ndoo kupokea shikamoo."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha mjumbe mmoja akasema, "Kumbe aliyejamba ni bibi mwenyewe!" na bonde zima likaripuka. Watu walishikana mabega. Wengine walikaa chini kabisa, kama mama alivyokaa siku ile ya kwanza alipojua kazi yangu. Nikapiga kelele nyamazeni, hamna haya nyie, washenzi wakubwa, na hiyo nayo ikawachekesha.

Profesa alingoja wamalize. Kisha akawaeleza, kwa upole wake, kwamba kwa bahati mbaya hata kipimo hiki kipya hakithibitishi lolote. Jaruba lilikuwa limekaushwa, na udongo uliokaushwa huchelewa kurudisha gesi. Gesi ni kidogo kwa sababu lilinyimwa maji, na hiyo inaonyesha kwamba kukausha kunasaidia.

"Ni kweli au si kweli?" akaniuliza.

Mbele yake ningeweza kusema uongo, naye asingekuwa na la kufanya pale ukingoni. Watu wale wasingejua tofauti. Lakini nilikuwa nimesimama miezi yote ile nikimtukana moyoni kwa sababu ya kusema uongo wa namba, na mdomo ukanitangulia.

"Ni kweli," nikasema.

Mwenyekiti akapiga makofi mara moja, kama mtu anayefunga duka. Maji yakahamishwa mchana uleule, akasimamia mwenyewe. Watu wakatawanyika, profesa akanipa mkono, akaniambia nina maadili ya kisayansi na kwamba angependa nibaki awamu ya pili. Nilimsonya. Akafuta miwani, akaenda zake.

Tukabaki mimi na mama. Alikuwa bado ukingoni. Akauliza, "Wameshamaliza?"

"Wamemaliza."

"Sasa naweza kukanyaga?"

Akaweka kandambili zake juu ya ukingo, zikitazamana, akapandisha kanga, akateremka. Alitembea polepole safari hii, akikwepa miche kama vile bado ina kesho. Mapovu yakawa yanapanda nyuma yake kila alipotoa mguu, machache. Akafika kwenye mbao zangu akasimama mbele yangu, palepale alipokuwa akisimama siku zote, akasubiri. Nikashuka kutoka kwenye mbao, nikaingia topeni, nikainama mpaka mikono ikagusa maji.

"Shikamoo mama."

Akanipita, akaenda kuangalia miche ya upande wa pili.

Jaruba lilikauka. Ardhi ya mpunga isiyo na maji, karibu na mji namna ile, ni kiwanja tu, na mjomba wangu, aliyekuwa msemaji wa ukoo, hakuchelewa kuliona hilo, akaliuza. Leo kuna nyumba ya bati la rangi ya buluu na geti, na mbwa wawili wasionijua. Mimi nimekuwa mtu mkubwa kwenye mambo ya methani. Naitwa kwenye mikutano, natoa mada, namkosoa profesa kwa jina akiwa amekaa mstari wa mbele, naye ananipigia makofi. Nimepima mabonde mengi, na vipimo vyangu ni safi, hakuna anayebisha. Wanafunzi wangu hawasalimiani.

Mama bado yupo, Bigwa, kwenye nyumba ileile. Majirani wakimwamkia anawapokea vizuri, kwa ile sauti yake ya kuimba, namsikia tangu nikiwa njiani. Kila Jumapili nampelekea mchele ninaonunua Mwembesongo. Naingia, napiga magoti kabisa, kwa umri wangu huu, nasema shikamoo mama. Anafungua mfuko, anachota mchele kiganjani, anaupeperusha kutafuta mawe.

"Wa dukani," anasema. "Weka hapo."